Anayerejea aulizwe alipitia nini

Mtu anaporejea Majanji kutoka Uarabuni, Nairobi au kambini, swali la kwanza analokumbana nalo ni: umeleta nini? Ni nadra aulizwe alipitia nini. Kwa maoni yangu, kimya hiki kinatugharimu pakubwa.

Nimewaona wengi wakinunua mashua au marobota ya mitumba kwa pupa, ili tu wawazibe watu midomo. Kabla ya mwaka kwisha, mtaji umezama. Hawakupata wasaa wa kuketi na kujikagua.

Hapa Uganda tuna mfano mzuri. Mwaka wa 2008, Frank Neuner na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia katika kambi ya Nakivale. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Waliosaidiwa, ama kwa kusimulia maisha yao ama kwa ushauri mwingine, walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa tu.

Katika mbinu hiyo ya kusimulia, kamba hutandazwa sakafuni kuwakilisha maisha tangu kuzaliwa. Penye machungu huwekwa jiwe, penye furaha ua. Kisha mhusika husimulia hatua kwa hatua, msikilizaji akiandika, na baadaye husomewa hadithi yake.

Vikundi vyetu vya kuweka akiba vinaweza kuiga sehemu nyepesi ya zoezi hili. Dada aliyekuwa yaya Oman ataona kwamba amerudi na Kiarabu, mapishi na uvumilivu. Huo nao ni mtaji. Mfanyabiashara wa dagaa naye aweke mawe yake. Huenda akagundua kuwa yote yameangukia mahali pamoja: mkopo kwa jamaa asiyelipa, au mzigo ulionaswa kwenye njia za panya. Hapo atajua pa kubadilisha.

Wapo watakaosema hadithi haijazi chungu. Ni kweli. Lakini chungu kilichotoboka hakijai hata ukikimwagia ziwa zima.

Hata hivyo, tahadhari. Aliyepigwa, aliyebakwa au aliyeshuhudia mauaji asilazimishwe kusimulia mbele ya umati. Huyo anahitaji msikilizaji aliyefunzwa, faraghani.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Viongozi wa vikundi, tengeni siku moja ya mkutano kwa kazi hii kabla ya kumkopesha anayerejea hata shilingi.