Mkongo Umefika Ngara, Somo Bado

Barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo inajulikana kwa malori. Usiku na mchana mizigo ya bandari ya Dar es Salaam hupita hapo ikielekea Kigali na Bujumbura. Lakini wilaya za Biharamulo na Ngara zinapitisha mzigo mwingine ambao hakuna mizani inayoupima: mwanga unaokimbia ndani ya nyuzi za kioo, takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Huo ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009. Umefika hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga, na hapo unaungana na mitandao ya Rwanda na Burundi, nchi mbili zisizo na bahari.

Mtoto wa Kabanga, basi, anaishi penye lango la kimataifa la intaneti, lakini ni nadra kuelezwa hivyo darasani. Somo la kompyuta, pale lilipo, limezoea kumkaririsha maana ya kompyuta na majina ya sehemu zake. Likisonga mbele, humfundisha kuchapa barua. Intaneti hutajwa kuwa “mtandao wa mitandao”, mwanafunzi huandika daftarini, na mada imekwisha.

Huo ni upungufu mkubwa, na unaonekana zaidi siku mambo yanapoharibika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota nchi nzima, na kwa wengi ikakatika kabisa. Watu walizima simu na kuziwasha, wengine wakadhani bando limeisha. Chanzo kilikuwa chini ya Bahari ya Hindi: nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu wakati mmoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Hapo ndipo somo linapokolea. Kwa nini mkato wa kusini umuumize mtu wa Ngara, ilhali zipo nyaya zinazopanda kaskazini hadi Ulaya? Sehemu ya jibu iko Bahari ya Shamu. Huko nyaya kadhaa, ukiwamo wa SEACOM, zilikuwa zimeharibika tangu Februari mwaka huohuo. Taarifa za wakati huo ziliitaja nanga ya meli Rubymar, iliyoburuzwa baada ya meli hiyo kupigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba data nyingi zinazotumiwa Afrika Mashariki zimehifadhiwa kwenye kompyuta kubwa zilizoko Afrika Kusini. Mwalimu wa jiografia, wa fizikia na wa historia wangeweza kufundisha wiki nzima kwa kisa hicho kimoja, na hakuna mwanafunzi ambaye angesinzia.

Kutojua kunagharimu hata siku ambazo nyaya ziko salama. Msimu wa maombi ya vyuo na ya Bodi ya Mikopo ukifika, kijana aliyemaliza kidato cha sita huenda steshenari, hulipa, kisha humwachia mhudumu namba yake ya mtihani, barua pepe na nywila. Pengine nywila yenyewe ametungiwa na mhudumu. Wengi wa wahudumu hao ni waaminifu na wanawasaidia sana vijana. Hata hivyo kijana anaondoka bila kujua kwamba fomu aliyoijaza haikubaki steshenari, iko kwenye seva ya Bodi, na kwamba jioni hiyohiyo angeweza kuifungua kwa simu yoyote na kubadili nywila. Hajui pia kwamba anwani inayoishia na go.tz hupewa taasisi za serikali pekee. Aliyefundishwa kusoma jina la tovuti kuanzia mwisho wake ana kinga dhidi ya viungo vingi vya “mikopo” na “ajira” vinavyosambazwa WhatsApp.

Kuna na wizi. Nyaya za mkongo hukatwa na katapila za ujenzi, na nyingine huchimbuliwa na watu wanaodhani wamepata shaba. Waya wa aina hiyo hubeba mawasiliano kwa kioo, na kioo hakina mnunuzi. Mwanafunzi anayelijua hilo atalisema nyumbani.

Wapo watakaouliza shule isiyo na umeme wa uhakika itaanzia wapi. Itaanza na karatasi. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba misingi ya kompyuta inafundishika bila kompyuta. Mwalimu akate barua vipande kumi, kila kipande kiwe na namba yake, anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Kila mwanafunzi aruhusiwe kumpa jirani yake tu. Katikati ya zoezi mmoja aambiwe asipokee tena chochote: yeye ndiye waya uliokatika. Vipande vitazungukia upande mwingine, vitafika bila mpangilio, na kikipotea kimoja mpokeaji ataomba kirudiwe. Ndivyo zinavyofanya kazi hadi leo kanuni ambazo Vint Cerf na Bob Kahn walizitangaza mwaka 1974.

Shule yenye kompyuta moja iliyounganishwa ina zaidi. Amri ya tracert, iliyomo katika kila Windows, ikifuatiwa na anwani ya tovuti ya chuo kikuu cha Ulaya, huorodhesha vituo vingi ambavyo ujumbe umevipitia, na muda wa kila kimoja.

Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma na kugharamia mafunzo ya walimu. Kazi hiyo inastahili kuungwa mkono. TTCL, inayousimamia mkongo, nayo iwaruhusu wanafunzi wa wilaya hizi waone fundi akiunganisha nyuzi za kioo, hata mara moja tu kwa mwaka. Na kwa kuwa walimu hufundisha kinachotahiniwa, Baraza la Mitihani lina nafasi ya pekee. Linaweza kuuliza hivi: mwanafunzi wa Kabanga amemtumia picha kwa WhatsApp ndugu yake aliyeko Kobero, kilomita chache ng’ambo ya mpaka, eleza kwa nini picha hiyo huenda ikasafiri nje ya bara la Afrika kabla ya kufika.