Barua ya wazi kwa Msajili: Wapelekeni vijana kwenye majengo

Ndugu Msajili,

Kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ndiyo mlango wa taaluma yetu. Kijana akitoka Chuo Kikuu Ardhi na shahada mkononi, bado hawezi kujiita mbunifu majengo. Anafanya kazi kwanza chini ya aliyesajiliwa, kisha anakabili mtihani wa Bodi. Utaratibu huo ni wa haki. Ninachokuandikia ni ile miaka iliyo kati ya joho la mahafali na cheti cha usajili.

Miaka hiyo wengi huimaliza mbele ya kompyuta, wakichora milango, vyoo na ngazi za majengo wasiyoyaona yakisimama. Mwenye bahati huchukuliwa saiti. Asiye nayo hajapata kumwona fundi akifunga nondo za nguzo, wala kumsikia mkandarasi akibishana na mhandisi juu ya mchoro alioutoa yeye. Semina zipo, na ni nzuri, ila semina ya hotelini ina ada. Ofisi ikilipa, humpeleka mkubwa. Anayejitolea kwa nauli tu hubaki nje.

Naomba Bodi ianzishe matembezi ya majengo, Jumamosi moja kila mwezi, Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha na Mbeya, bila ada kwa wahitimu. Mbunifu aliyesajiliwa anayeongoza apewe alama za mafunzo endelevu, na mhitimu ahesabiwe saa hizo katika mafunzo yake ya vitendo.

Anzeni na Soko la Kariakoo. Beda Amuli, aliyesomea Technion huko Haifa na kuwa miongoni mwa wabunifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki, alilibuni kwa paa la miamvuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, hewa na mwanga vikipita katikati ya wachuuzi. Julai 2021 moto ukaliunguza, likakarabatiwa. Vijana wakisimama chini ya paa lile pamoja na waliosimamia ukarabati, watauliza yanayostahili kuulizwa. Zege lililopigwa na moto hupimwaje? Kipi kilibakizwa, kipi kilivunjwa, na nani aliamua? Majibu ya maswali hayo yamo vichwani mwa watu walio hai, na yasiposemwa sasa yatazikwa nao. Amuli mwenyewe alifariki mwaka 2016.

Kariakoo hiyohiyo, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Matokeo ya kazi kama hiyo yajadiliwe na vijana waziwazi, michoro mezani, kwa sababu ndio watakaoombwa kesho waongeze ghorofa moja juu ya msingi usiobeba. Anayejua kilichotokea hupata nguvu ya kumwambia mteja hapana.

Ndugu Msajili, hili halihitaji ukumbi wala posho. Linahitaji barua yako kwa wenye majengo, wabunifu wakongwe walio tayari kutoa asubuhi moja, na ratiba. Tafadhali itangazeni kabla ya mahafali yajayo.

Mbunifu majengo, Mwanza