Tulilipia Bahari, Tukabaki na Ujumbe wa Simu

Sisi watu wa Gesima tunadai jambo moja: mtu akilipia safari na safari isiwepo, pesa yake irudi. Irudi kwa njia ileile iliyoendea, bila kumbembeleza mtu na bila kuzungushwa miezi. Hatujataka riba, hatujataka fidia ya usumbufu. Tunataka shilingi zetu.

Asiyetujua atadhani hatusafiri, kwa kuwa tuko ndani huku Kitutu Masaba, kwenye miteremko ya chai ya Nyamira, na ukitaka gari la mbali sharti ushuke kwanza Keroka. Lakini tunasafiri, na tunalipia kabla ya kusafiri. Desemba watoto wetu walioko Nairobi hukata tikiti za basi mapema kwa sababu nauli hupanda kila siku Krismasi ikikaribia. Vijana wanalipia safari za kwenda kazi Qatar na Saudia. Vyama vya kina mama vinalipia ziara. Karibu zote hulipiwa kwa simu, kwa nambari ya till ya mtu ambaye hatujawahi kumwona uso.

Chama kimoja cha wachuma chai hapa kwetu kiliweka akiba ili wanachama waende Mombasa Pasaka ya 2020. Pesa ilitoka kwenye bonasi ya Oktoba 2019, ile ambayo kila mkulima wa chai anaikumbuka jinsi ilivyokuwa ndogo, na nyingine ikatoka kwa kuuza ndizi. Mpango ulikuwa basi hadi Nairobi, kisha treni ya SGR, malazi, na siku moja ya kupanda mashua baharini. Wengi wao hawakuwa wameona maji makubwa kuliko Ziwa Victoria, na wengine hata hilo walikuwa wameliona kwenye picha tu. Hiyo siku ya mashua ndiyo iliyozungumzwa zaidi majani yakipimwa kwenye kituo cha kununulia chai.

Tarehe 6 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa Nairobi kwa ajili ya korona. Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa tarehe 8. Pasaka ilikuwa tarehe 12. Hakuna aliyemlaumu wakala kwa hilo, maana ugonjwa haukuletwa na yeye. Lakini pesa ilikuwa kwake na safari haikuwepo, na mweka hazina wa chama alipompigia simu kwa heshima akajibiwa, "Mama, tulieni, tutawapanga."

Mwanzoni walipangwa kweli. Waliambiwa pesa imeshaingia hotelini na hoteli hairudishi. Wakaambiwa watapewa vocha ya kusafiri mwaka unaofuata. Mweka hazina akamwambia, "Baba, sisi tulikulipa pesa, hatukukulipa vocha." Mwaka uliofuata bei ilikuwa imepanda, kila mtu akatakiwa kuongeza. Baadaye ikawa ni ile sauti ya kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Mpaka leo kuna mama ambaye hajaufuta ule ujumbe wa malipo kwenye simu yake ya kabambe, ule unaoanza na herufi na tarakimu kumi kisha neno "imethibitishwa". Vitufe vya simu vimefutika namba, lakini anajua pa kubonyeza ili aupate. Hiyo ndiyo risiti yake pekee. Inaonyesha kwamba alilipa, saa ngapi, na kiasi gani. Haionyeshi alilipia nini.

Hapo ndipo uchungu wetu ulipo. Eneo letu la Gusii lina watoto wengi Marekani, hasa Minnesota, kule Brooklyn Park na miji iliyo jirani, ambako wengi wanafanya kazi ya kuuguza wagonjwa na wazee. Mmoja wa mabinti zetu alikuwa amelipia safari ya meli ya anasa mwaka huohuo. Meli hizo zilisimamishwa katikati ya Machi 2020, na baadhi ya kampuni zikawapa wateja salio la kulipia safari ya baadaye, hata asilimia 125 ya walicholipa, mradi wasidai taslimu. Binti yetu alitaka taslimu. Hakubishana sana na kampuni. Aliiandikia benki iliyompa kadi, akaambatisha barua ya kufutwa kwa safari, na pesa ikarudi kwenye akaunti ya kadi yake. Alipopiga simu nyumbani akauliza jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa: "Kwani hamwezi kuiambia benki imnyang'anye?"

Benki ipi? Chama kililipa kwa simu.

Tumeuliza, tumesoma, na sasa tunaelewa jinsi mambo yanavyokwenda upande wa pili. Mwenye kadi hamlipi muuzaji moja kwa moja. Benki yake inailipa benki ya muuzaji, na benki zote mbili zimefungwa na kanuni za Visa au Mastercard. Huduma isipotolewa, mteja analalamika kwa benki yake mwenyewe. Kwa kawaida ana siku 120, na kwa safari ya baadaye siku hizo huanza kuhesabiwa kuanzia siku safari ilipotakiwa kufanyika, hata kama alilipa miezi mingi kabla. Benki yake inaivuta ile pesa kutoka benki ya muuzaji, na kuanzia hapo ni kazi ya muuzaji kuthibitisha kwamba alitoa huduma, au kwamba mteja alikubali masharti ya kutorudishiwa. Asipothibitisha, ameshindwa.

Kuna jambo ndani ya mpango huo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote. Muuzaji akiwa amefilisika au ametoroka, hasara inabaki kwa benki iliyokuwa ikimpokelea malipo ya kadi. Kwa hiyo benki hiyo inamchunguza kabla ya kumpa mashine. Inataka kujua ofisi yake iko wapi, anauza nini, na kama anauza safari za miezi ijayo inaweza kumzuilia sehemu ya pesa mpaka wateja wasafiri. Anayeogopa hasara ndiye anayekagua. Kwetu hakuna anayeogopa. Aliyempa wakala nambari ya till alipata ada yake siku ileile tuliyolipa, na hata watu wote wa Gesima wakidhulumiwa na nambari hiyo, ada haimrudii mtu.

Na wenzetu hawakupata ulinzi huo kwa bahati. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1974 sheria inayompa mteja haki ya kupinga malipo ya kadi. Uingereza nayo ilipitisha yake mwaka huohuo, ambayo inaifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa ununuzi unaozidi pauni 100 hadi pauni 30,000. Kwetu M-Pesa ilianza baadaye sana, Machi 2007. Nchi yetu inasifiwa duniani kote kwa kutuma pesa kwa simu, wageni huja kujifunza, vitabu vinaandikwa. Sifa hiyo ni ya upande mmoja wa barabara, wa pesa inapotoka mkononi mwako.

Mtu atasema kuna utaratibu wa kurudisha muamala. Upo, na umetusaidia. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi unapeleka ule ujumbe kwa 456, na kama aliyepokea hajaitoa pesa, inazuiliwa na huenda ukarudishiwa. Lakini njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kidole kilichoteleza. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelipa mahali sahihi kabisa, kwa mtu sahihi, kisha akanyimwa alicholipia. Safari inapofutwa miezi sita baada ya malipo, pesa imeshatolewa zamani na akaunti ina vumbi. Ukipiga huduma kwa wateja, kijana mwenye adabu anakwambia uwasiliane na muuzaji. Muuzaji ndiye unayemshtaki.

Tunajua pia upande wa wenye biashara, maana nao ni sisi. Hapa kwetu kuna duka ambalo mwenyewe amewahi kulipwa kwa simu, akatoa unga na sukari, na mnunuzi akaomba pesa irudishwe kabla hajafika njia panda. Makondakta wa matatu wanalia kilio hichohicho: abiria analipa, anashuka, anaurudisha muamala. Ndiyo sababu wafanyabiashara hutetemeka wakisikia neno kurudisha. Lakini tazama tofauti. Kurudisha kwa 456 hakuulizi kama unga ulichukuliwa au la. Pingamizi la kadi linauliza. Linataka karatasi kutoka pande zote mbili, na mtu wa tatu anaamua. Mwenye duka angelindwa vizuri zaidi chini ya utaratibu wa pingamizi kuliko alivyo leo, kwa sababu angepata nafasi ya kujibu. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba tunachodai kitaua biashara ndogo. Biashara ndogo ziko kwenye foleni hii pamoja nasi.

Basi tuende kwa sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro za bidhaa au huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ipo tangu 2012. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na hukumu inatakiwa kutoka ndani ya siku 60. Ni mahakama nzuri, na anayemjua mdaiwa wake alipo aiendee. Lakini mahakama inataka mdaiwa apelekewe hati. Sisi tuna nambari ya till na jina la biashara lililotokea kwenye kioo cha simu. Nauli ya kwenda Nairobi kumtafuta, na kurudi, na kwenda tena siku ya kutajwa kwa kesi, itakula kile kidogo mama mmoja alichopoteza. Mtu anakaa chini anapiga hesabu, anaamua kusamehe. Wakala naye ameshaipiga hesabu hiyo.

Ukitaka kulalamika kwa serikali ya karibu, nako kuna kizunguzungu chake. Mji wetu wa kibiashara ni Keroka, ambao Kisii na Nyamira zimeugombania kwa miaka juu ya nani akusanye ushuru. Kila kaunti inajua kwamba Keroka ni yake inapokuja siku ya kukusanya. Ofisi ya wakala mdogo wa safari iliyoko upande huu wa barabara ikifungwa usiku, jaribu kuuliza ni kaunti gani ilimpa leseni.

Wala tusidhani ni watu wa vijijini peke yao wanaopatwa na haya. Wazazi wa Uasin Gishu waliweka pesa kwenye akaunti ya benki, kwa mpango uliobeba jina la kaunti yao, ili watoto waende kusoma Finland na Canada. Safari nyingi hazikuwepo. Mwaka 2023 wazazi hao waliandamana Eldoret, na kesi ikafikishwa mahakamani, ambako washtakiwa walikana mashtaka. Tulipowaona kwenye runinga tuliwatambua, ingawa hatujuani: wamama waliovaa leso, wameshika stakabadhi zilizokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imekuwa myeupe. Huku kwetu, aliyelipia kazi ya Ghuba anapangiwa tarehe ya ndege, tarehe inasogezwa, inasogezwa tena, na ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya safari hiyo ameshazaa kwa mtu mwingine.

Serikali haiwezi kusema haina uhusiano na malipo haya. Mwaka 2023 ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Ushuru huo hukatwa papo hapo, hata kwenye malipo ya safari ambayo haitakuwepo. Benki Kuu ndiyo inayowapa leseni watoa huduma za malipo, kwa sheria ya 2011. Na ufundi si kisingizio, kwa sababu tangu Juni 2022 mteja wa M-Pesa anaweza kupata kadi pepe ya Visa ya kulipia wauzaji wa ng'ambo. Mtu aliyeketi Gesima analipa duka la Marekani chini ya kanuni za kadi, kisha analipia basi la kwenda Nairobi bila kanuni yoyote ya aina hiyo.

Tunachokitaka kwa Benki Kuu kinaandikika kwenye ukurasa mmoja. Anayeuza huduma ya baadaye kwa till au paybill asajiliwe hivyo, na alichouza kiandikwe kwenye ujumbe wa malipo pamoja na tarehe ya safari. Pesa hiyo, au sehemu yake kubwa, izuiliwe mpaka tarehe hiyo ipite. Mteja awe na siku za kuweka pingamizi kuanzia siku safari ilipotakiwa kuwepo, kwa lugha anayoijua na kwa kabambe yake. Muuzaji apewe siku za kujibu. Akinyamaza, pesa irudi.

Chama chetu bado kinataka kwenda Mombasa. Daraja la kawaida la treni lilikuwa shilingi 700 SGR ilipoanza 2017, ikawa 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500, kwa hiyo kila mwaka tunaochelewa unatugharimu. Wakala tuliyezungumza naye safari hii ana ofisi na anapatikana kwa simu. Tumemwambia tutalipa nusu sasa na nusu tukishapanda basi Keroka. Amekataa, anasema tikiti za treni na vyumba havimsubiri mtu. Tumemwelewa, ila nusu ya pili bado tumeishikilia.