Bosi akiugua ofisi ina kaimu, nyumbani je?

Chukua mfano wa familia moja ya wakulima Ilembula, wilayani Wanging'ombe. Msimu umeisha vizuri, mahindi na alizeti vimeuzwa, na mnunuzi kutoka Makambako amelipa kwa simu. Fedha zote zimekaa kwenye laini ya baba.

Usiku mmoja baba anaanguka. Mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Mwenye gari anataka fedha ya mafuta ili ampeleke hospitali. Mama anachukua simu ya mumewe, nayo inadai namba ya siri. Anajaribu mwaka wa ndoa, haikubali. Anajaribu mwaka wa kuzaliwa mtoto wa kwanza, haikubali. Jaribio la tatu, huduma inafungwa.

Nyumba hiyo haina umaskini wa fedha usiku ule. Fedha ipo. Tatizo ni kwamba anayejua kuifungua ni mtu mmoja tu, na ndiye mgonjwa.

Yapo mengi ya kujifunza hapa kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzifanya fedha zitembee kwa simu. Ni Bob Collymore, aliyekuwa ofisa mtendaji mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom nchini Kenya.

Kutoka Guyana hadi Nairobi

Collymore alizaliwa Guyana, Amerika ya Kusini, mwaka 1958, akalelewa na bibi yake kabla ya kuhamia Uingereza akiwa kijana. Alifanya kazi katika kampuni ya British Telecom, kisha akaingia kwenye biashara ya simu za mkononi. Akiwa na Vodafone alifanya kazi Uingereza, Japani na Afrika Kusini. Novemba 2010 akapewa usukani wa Safaricom akimrithi Michael Joseph.

Si yeye aliyeanzisha M-Pesa. Huduma hiyo ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na Tanzania ikaingia mwaka uliofuata kupitia Vodacom. Lakini katika miaka yake, simu ya Mkenya iliacha kuwa chombo cha kutuma na kupokea fedha tu. Mwaka 2012 ilikuja M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa. Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, ya kumlipa mwenye duka bila kushika noti. Baadaye ikaja M-Tiba, mfuko wa kwenye simu ambao fedha yake hutumika kwa matibabu tu, hata mtu ashawishike vipi kununua kitu kingine.

Kwa ufupi, alikuwa mtu wa kuhakikisha huduma haisimami. Ndipo mwili wake mwenyewe ukasimama.

Siku bosi alipoondoka

Mwishoni mwa Oktoba 2017, Safaricom ilitangaza kwamba Collymore anakwenda likizo ya matibabu. Alikuwa na saratani ya damu, aina ambayo huanzia kwenye uboho, yaani sehemu ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, na hukua kwa kasi. Alitibiwa Uingereza kwa takriban miezi tisa.

Tazama kilichotokea ofisini. Mkurugenzi wa fedha, Sateesh Kamath, alikaimu majukumu yake, akisaidiwa na mkurugenzi mwingine, Joseph Ogutu. Mishahara ililipwa, mawakala waliendelea kufungua vibanda, na Novemba hiyohiyo kampuni ikazindua Masoko, soko lake la kuuza na kununua bidhaa kwa mtandao. Mgonjwa alipata nafasi ya kuwa mgonjwa.

Collymore alirejea kazini Julai 2018 na baadaye akauzungumzia ugonjwa wake hadharani. Alifariki dunia nyumbani kwake Nairobi Julai 1, 2019, akiwa na umri wa miaka 61. Bodi ikamrudisha Michael Joseph kushika nafasi hiyo kwa muda, hadi Peter Ndegwa alipoanza kazi Aprili 2020. Kampuni ililia, lakini haikukwama.

Sasa rudi Ilembula. Familia nayo ina mapato, madeni, ada za shule na watu wanaoitegemea. Ina kila kitu ambacho kampuni inacho, isipokuwa kaimu.

"Nikimwambia atazitumia"

Sababu ya nyumba nyingi kukosa kaimu si kutojua. Ni hofu. Mume anaogopa mke akijua salio ataomba kila siku. Mke anayeuza vitunguu sokoni anaogopa mume akijua, fedha ya mtaji itaishia kwenye ulanzi. Na kuna imani kwamba ukipanga mambo ya kuugua au kufa, unajiitia mkosi. Matokeo yake kila mmoja ana siri yake kwenye simu, na siri haimpeleki mtu hospitali.

Kumpa kaimu si lazima umpe namba ya siri. Namba hiyo ni ya mwenye laini, na kampuni za simu hukataza kumpa mtu mwingine. Njia iliyo rahisi ni kugawa fedha yenyewe. Fedha ya dharura isikae kwenye laini ya anayeingiza kipato kikubwa peke yake. Sehemu yake iwekwe kwenye laini ya mwenza, iliyosajiliwa kwa jina lake, kwa makubaliano kwamba haiguswi ila kwa ugonjwa. Anza na kiasi kinachotosha usafiri wa usiku hadi hospitali na gharama za siku ya kwanza. Kikifika hapo, ongeza kidogo kidogo kila baada ya mauzo.

Walio kwenye vikundi vya kuweka na kukopa wana njia nyingine. Mfuko wa jamii wa kikundi upo kwa ajili ya matatizo, na fedha ya kikundi haimtegemei mtu mmoja kuitoa. Hakikisha tu mwenza wako anamfahamu mwenyekiti na mweka hazina, na wao wanamfahamu yeye.

Jambo la tatu ni daftari. Liandikwe nani anadaiwa, nani anadai, shamba lipi limekodishwa, kadi ya bima ipo wapi, nani wa kupigiwa simu kwanza. Mwenye laini akifariki, salio halipotei, lakini warithi hulazimika kupitia cheti cha kifo, kikao cha ukoo na mahakama inayomthibitisha msimamizi wa mirathi. Safari hiyo inakuwa ndefu zaidi pale ambapo hakuna aliyejua kama fedha ilikuwapo.

Kwa mjamzito, mama aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga, dharura ina namba yake: 115, ya mfumo wa m-mama. Kupiga ni bure, na pale gari la wagonjwa linapokosekana huitwa dereva wa jamii, ambaye hulipwa kwa simu. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari na ukutani.

Uchovu usioisha

Simulizi ya Collymore ina somo la afya pia. Saratani ya damu ya aina yake huweza kuanza kwa dalili zinazofanana na mafua au uchovu wa kazi: homa zinazorudi, kuchoka hata baada ya kulala, kupauka, maumivu ya mifupa, fizi kutoka damu, michubuko bila kujigonga. Mara nyingi dalili hizi huwa na sababu nyingine, kama malaria au upungufu wa damu. Ndiyo maana dawa ya dukani si jibu. Uchovu au homa ikipita wiki mbili, nenda ukapime damu. Ukiona michubuko au damu inatoka bila sababu, usisubiri wiki hizo.

Hospitali ya Ilembula ipo hapohapo kijijini na inahudumia watu wa vijiji vingi. Lakini ugonjwa ukihitaji bingwa wa saratani, mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600. Safari ya namna hiyo haisubiri mtu akumbuke namba ya siri.

Kwa hiyo jioni hii, baada ya chakula, zungumzeni. Haihitaji kikao cha ukoo wala bodi ya wakurugenzi. Swali ni moja tu: mimi nikianguka usiku wa leo, utalipa gari kwa fedha ipi? Kama jibu halipo, lisilale bila kupatikana.