Binodini Hakuwa Udongo

Imani moja imeota mizizi kwa wapenda maigizo: kwamba mwigizaji wa kike ni udongo, na mwanamume anayemwelekeza ndiye mfinyanzi. Mwanamke aking'ara jukwaani, huulizwa kwanza nani alimfundisha. Imani hii imemwandama Binodini Dasi wa Kolkata kwa zaidi ya karne. Alipanda jukwaani mwaka 1874, mtoto wa miaka kama 11, akaliacha mwaka 1886 akiwa na miaka 23 tu, wakati watu bado wanajaza ukumbi kumtazama. Hata leo anasimuliwa kama kazi ya mikono ya wanaume wawili: Girish Chandra Ghosh, mwandishi na mwelekezi wake, na Ramakrishna, mtawa aliyembariki. Masimulizi hayo yanamdhulumu.

Mwaka 1883 kundi la maigizo la Binodini na Girish lilitaka ukumbi wake lenyewe, na fedha halikuwa nazo. Kijana tajiri, Gurmukh Rai, alimtamani Binodini, hata akaahidi kumpa rupia 50,000 aachane na maigizo. Binodini alizikataa; sharti lake lilikuwa moja, ajenge ukumbi. Akakubali kuwa kimada wake, na kwa hiyo gharama ya kila tofali aliilipa yeye, kwa mwili wake na heshima yake. Wala hakukaa kivulini kungoja. Katika kumbukumbu zake, Amar Katha, zilizotoka mwaka 1912, anaeleza kwamba alibeba makapu ya udongo kwa mikono yake, na vibarua walipochoka akawa anawalipa kwa kila kapu ili kazi iishe upesi. Wenzake walikwisha kumwahidi kwamba ukumbi utaitwa kwa jina lake. Walipotoka kuusajili aliwauliza jina gani wameandikisha, wakamwambia: Star. Baadaye Gurmukh Rai alipojitoa kwa shinikizo la nduguze, alitaka Binodini apate hisa. Girish akapinga, na ukumbi ukaishia mikononi mwa wanaume wanne wa kundi hilohilo. Mfinyanzi hulia gaeni, nasi tumekuwa tukimwita mfinyanzi huyu udongo.

Nitaambiwa kwamba bila Girish asingekuwepo Binodini, na kwamba mwenyewe alimwita mwalimu wake maisha yake yote. Ni kweli alifundishwa, tena kwa bidii kubwa. Lakini Girish alifundisha waigizaji wengi, na ni yeye aliyekiri kwa maandishi kwamba mafanikio ya tamthilia zake yalitokana kwa sehemu kubwa na kipaji cha Binodini. Tena mwalimu alipoandika dibaji ya kumbukumbu hizo, mwanafunzi hakuridhika: aliona ukweli mwingi umeachwa nje, akataka iandikwe upya. Mwanamke aliyeokotwa katika mtaa wa makahaba, asiye na mume wala ukoo wa kumtetea, alimdai ukweli mtu mashuhuri kuliko wote katika maigizo ya Kibengali. Heshima kwa mwalimu haikumziba mdomo.

Kuhusu baraka, tarehe 21 Septemba 1884 Ramakrishna alikuja kutazama Chaitanya Lila, ambamo Binodini aliigiza mtakatifu wa kiume, na baada ya onyesho akambariki. Wengi huianzia hadithi hapo, kana kwamba kabla ya mkono ule hakukuwa na kitu. Binodini anaeleza maandalizi yake: usiku wa wasiwasi, asubuhi kwenda kuoga katika mto Ganges, kuandika jina la Durga mara 108 kabla ya kuingia jukwaani. Kilichomvuta mtawa kumbariki kilikuwa kazi iliyokwisha kufanywa, na aliyeifanya ni mwigizaji.

Desemba 2024 serikali ya West Bengal ilitangaza kwamba ukumbi wa Star wa Kolkata utaitwa Binodini. Ilichukua miaka 141 ahadi ile kutimizwa, na imetimizwa kwenye jengo jingine. Lile la Beadon Street, alilolibebea udongo, halipo tena.