Amana Iliyofungiwa Juani

Tumeonelea katika toleo hili tuzungumzie jambo ambalo kwa wengi wetu huonekana dogo, nalo ni kumwacha mtoto mchanga au mtoto mdogo ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani.

Kilichotusukuma kushika kalamu ni tukio tulilolishuhudia kwa macho yetu. Ilikuwa ni Ijumaa ya mwezi wa Februari, katika msikiti mmoja wa jijini Dar es Salaam. Mara tu baada ya imamu kutoa salamu tulitoka, kwa kuwa tulikuwa na darasa mchana ule. Tulipopita kando ya magari yaliyopangwa ukutani tukasikia mtu anagonga, tena kwa unyonge sana. Gari lenyewe lilikuwa na vioo vilivyotiwa giza, ikabidi tuweke viganja kwenye kioo ndipo tuone. Ndani alikuwamo mtoto wa kiume asiyezidi miaka mitatu, kanzu yake imelowa jasho na kumgandia mwilini, macho yamelegea, anagonga kioo kwa kandambili yake ndogo.

Tulipiga kelele. Likatangazwa gari kwa kipaza sauti, na baba yake akatoka mbio bila viatu, maana alikuwa bado katika sunna. Mtoto alitolewa, akavuliwa kanzu, akamwagiwa maji kwa kopo kutoka kwenye bomba la kutawadhia. Alitapika, kisha akalia, na kilio kile kilitupa faraja ambayo hatujapata kuipata kwa kilio cha mtoto yeyote. Alipelekwa hospitali na alipona, Alhamdulillah.

Baba yule, huku akitetemeka, alituambia maneno mawili ambayo hayajatutoka. La kwanza: "Ustadh, nilimshushia kioo kidogo, na nikamwachia biskuti na maji." La pili: "Ijumaa iliyopita niliingia naye, mzee mmoja akaniambia mbele za watu nikamlee mtoto nyumbani." Katika neno la kwanza mna kutojua. Katika la pili mna kosa ambalo si lake peke yake, bali ni letu sisi watu wa msikitini.

Tuanze na hilo la kioo. Watu wengi hudhani kuwa gari ni kama chumba, ukifungua upenyo basi hewa huingia na joto hutoka. Sivyo. Mwanga wa jua hupita kwenye vioo na kupasha viti, usukani na dashibodi, navyo huipasha hewa iliyomo ndani, hewa ambayo haina pa kukimbilia. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vipimo walivyovifanya katika gari lililoegeshwa juani, siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 za sentigredi. Waliona kwamba kwa muda wa saa moja joto la ndani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 juu ya lile la nje, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo, yaani asilimia 80, hutokea katika nusu saa ya kwanza. Hata siku iliyokuwa na ubaridi wa nyuzi 22, ndani ya gari joto lilifika nyuzi 47. Walipojaribu kushusha vioo kidogo, hapakuwa na tofauti ya maana.

Sasa na tupige hesabu ya hapa kwetu. Mchana wa Februari katika mwambao wetu joto hufika nyuzi 32 bila ya mtu yeyote kushangaa. Ukiongeza nyuzi 10 za dakika kumi za mwanzo, mtoto yuko katika nyuzi 42 kabla khatibu hajamaliza utangulizi wake. Khutba mbili na rakaa mbili katika misikiti yetu mingi hazipungui dakika 40. Kwa hiyo yule anayesema "ni dakika chache tu" na afahamu kuwa dakika hizo chache ndizo zenyewe zenye hatari.

Ama mwili wa mtoto, huo haufanani na wa kwetu. Madaktari wa watoto wanaeleza kuwa mwili wake hupata joto kwa kasi ya mara tatu hadi tano ya mwili wa mtu mzima. Joto la ndani ya mwili likivuka nyuzi 40 huanza ugonjwa wa kupigwa na joto: mtoto huchanganyikiwa, husinzia, hutapika, huweza kushikwa na degedege, kisha viungo vya ndani huanza kushindwa kimoja baada ya kingine. Na huyu ni kiumbe asiyeweza kufungua mkanda wake, wala mlango, na mara nyingi hata kusema hawezi.

Wapo pia wanaosema: tutaliacha gari likinguruma na kiyoyozi kikifanya kazi. Injini huzimika, na mtoto huchezea vitasa na gia. Hilo nalo si suluhisho.

Tuje kwenye neno la pili. Ni kweli kwamba watoto hupiga kelele msikitini, na sisi tunaofundisha madrasa tunalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini ni ajabu kwamba tunadai kufuata sunna katika kila jambo, mpaka urefu wa kanzu, kisha tunamfukuza mtoto ambaye Mtume (SAW) hakumfukuza. Imethibiti katika hadithi sahihi kwamba alikuwa akianza swala akiwa na nia ya kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kuwahurumia mama zao. Imethibiti pia kwamba aliswali hali amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumnyanyua anaposimama. Je, kilio cha mtoto aliyefungiwa garini, vioo vimefungwa na vipaza sauti vinanguruma, nani atakisikia ili aifupishe swala kwa ajili yake?

Mzee aliyemkaripia yule baba hatumtaji, na hatudhani kuwa alikusudia ubaya. Alitaka utulivu. Lakini kuanzia leo kila mwenye kumkunjia uso mzazi mlangoni mwa msikiti na afahamu kwamba mzazi huyo huenda asirudi nyumbani, bali akarudi maegeshoni. Kamati za misikiti zinaweza kutenga safu ya nyuma au upande wa baraza kwa wenye watoto wadogo. Haihitaji harambee.

Baadhi ya wasomaji watakuwa wamekwisha kujitoa katika maneno haya, wakisema: mimi siwezi kumwacha mwanangu garini kwa makusudi. Kwa hao tunasema, subirini. Marekani, ambako vifo vya namna hii vinahesabiwa, zaidi ya watoto 1,000 wamekufa kwa joto ndani ya magari tangu mwaka 1998, wastani wa watoto 37 hivi kila mwaka, na katika mwaka 2018 na mwaka 2019 walipindukia 50 kila mwaka. Zaidi ya nusu yao hawakuachwa kwa makusudi. Walisahauliwa.

Mtu akisikia hivyo husema kwa haraka: mzazi gani huyo anayemsahau mwanawe? Mwaka 2009 gazeti la Washington Post lilichapisha uchunguzi mrefu wa mwandishi Gene Weingarten juu ya suala hili, uchunguzi uliopewa tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Miongoni mwa waliopatwa na msiba huo walikuwamo muuguzi, askari polisi, mwanajeshi, mchungaji wa kanisa na hata daktari wa watoto. Hawakuwa walevi wala watu wasiopenda watoto wao. David Diamond, mtaalamu wa kumbukumbu wa Chuo Kikuu cha South Florida, anaeleza kwamba ubongo una njia ya mazoea, ile inayokufikisha kazini bila ya kuifikiria barabara, na una njia nyingine inayoshikilia jambo ulilokusudia kulifanya baadaye. Ukiwa umechoka, hukulala usiku, au siku hiyo utaratibu umebadilika, njia ya mazoea huishinda ile nyingine. Baba ambaye si kawaida yake kumpeleka mtoto hupewa mtoto siku moja, mtoto analala kiti cha nyuma, kimya, simu inalia, baba anafika kazini, anafunga gari, anaingia ofisini akiwa na yakini moyoni kwamba mtoto amekwisha kumfikisha. Vifo hivi viliongezeka baada ya miaka ya 1990, pale watoto walipohamishiwa viti vya nyuma ili wasiumizwe na mifuko ya hewa ya viti vya mbele. Dawa ya hatari moja ilimwondoa mtoto machoni mwa dereva.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndani ya jamaa zetu kuna tabia ya kusema, kila linapotokea la kutokea, kwamba ni kadari ya Allah, na mjadala ukafungwa hapo. Kadari tunaiamini. Lakini yule mtu aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake au amwache na atawakali, alielekezwa amfunge kwanza kisha atawakali. Na wanafunzi wa fiqhi wanaijua kanuni: kusahau huondoa dhambi, lakini hakuondoi dhamana ya haki ya mwenzako iliyopotea mikononi mwako. Ikiwa mali ya jirani ina dhamana, mtoto je? Anayejua kwamba binadamu husahau, kisha asiweke kitu cha kumkumbusha, huyo amemwacha ngamia bila kamba.

Na kamba zenyewe ni nyepesi. Mwenye kusafiri na mtoto na aweke nyuma, kando ya mtoto, kitu asichoweza kufanya kazi bila yake: mkoba, simu, au kiatu chake cha kushoto. Hili la kiatu watu hulicheka, lakini hakuna anayefika ofisini na kiatu kimoja asijiulize. Afungue mlango wa nyuma kila anaposhuka, hata siku ambayo hana mtoto, mpaka iwe desturi ya mkono. Nchini Italia, tangu Novemba 2019, sheria inamlazimu mwenye kubeba mtoto wa chini ya miaka minne kuwa na kifaa cha kumtahadharisha akimwacha kitini. Sisi hatuna kifaa, lakini viatu tunavyo.

Nyumbani nako gari lifungwe na funguo zisiachwe chini, kwani takriban robo ya vifo hivyo vya Marekani ni vya watoto walioingia wenyewe garini wakicheza, wakashindwa kutoka. Mtoto akitafutwa asionekane, na waanze kwa kuangalia kwenye maji na ndani ya magari, pamoja na buti, kabla ya kwenda kwa majirani. Na mpita njia akimwona mtoto peke yake katika gari juani, amtafute mwenyewe upesi. Mtoto akiwa amelegea, kioo kivunjwe upande ulio mbali naye. Kioo hulipika. Atolewe, awekwe kivulini, apunguzwe nguo, alowanishwe kwa maji na kupepewa, na apelekwe hospitali, wala asinyweshwe chochote ikiwa fahamu zimepotea.

Limebaki letu sisi walimu. Mwezi Septemba 2022 nchini Qatar, mtoto wa miaka minne alisinzia ndani ya basi la shule ya awali, basi likafungwa na kuegeshwa, na alipogunduliwa alikuwa amekwisha kuzidiwa na joto, akafariki. Serikali iliifunga shule ile. Madrasa zetu na shule zetu za Kiislamu zina magari ya kubeba watoto, tena wanajazwa humo kupita kiasi, na wadogo hulala nyuma kabisa chini ya mikoba. Dereva na matroni wanapaswa kuwahesabu wanapopanda na wanaposhuka, na mmoja wao atembee mpaka kiti cha mwisho kabla ya gari kufungwa. Tumewahi kuuliza katika madrasa kadhaa nani mwenye kazi hiyo. Kila mmoja alimtaja mwenzake.

Na tunakiri jambo jingine. Kwa miaka mingi, mtoto asipofika darasani, tuliweka alama ya mkasi katika daftari na tukaendelea na somo. Miongoni mwa wale waliosahauliwa Marekani, idadi kubwa walikuwa wakipelekwa kwa walezi wa mchana au shule za awali, na simu moja ya kuuliza "mbona leo hakuletwa?" ingemrudisha baba garini. Tangu mwanzo wa mwaka huu, katika madrasa tunayofundisha, mtoto wa darasa la wadogo ambaye huletwa kwa gari akichelewa nusu saa bila taarifa, mwalimu humpigia mzazi. Juma la kwanza mama mmoja alikereka: "Ustadh, mwanangu yuko nyumbani na bibi yake, kuna nini mpaka mnipigie?" Tukamwambia kuwa jibu hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Muda wa maongezi tulioutumia juma lile zima haukufika shilingi 2,000.