Mchoro wa Mgonjwa ni Mali Yake

Mtu anayepona ugonjwa wa akili anapopewa karatasi na rangi, hupewa zaidi ya kitu cha kupitishia muda. Kwa saa moja hivi yeye ndiye mwamuzi: rangi ipi itangulie, mstari uishie wapi, kazi ikamilike lini. Kwa aliyepangiwa wiki nzima saa ya kula, ya kulala na ya kumeza dawa, uamuzi huo mdogo una uzito mkubwa. Mhudumu anayeitwaa kazi hiyo na kuibandika ukutani bila kuuliza, hata kwa nia njema, humnyang'anya mgonjwa jambo lile lile lililokuwa likimsaidia.

Historia ina funzo chungu. Tabibu Hans Prinzhorn alikusanya maelfu ya kazi za wagonjwa huko Heidelberg, Ujerumani, na mwaka 1922 akachapisha kitabu cha kuzisifu. Wasanii aliowaeleza kwa kirefu aliwapa majina ya kubuni. Mhunzi Franz Karl Bühler akawa Franz Pohl. Baadaye Wanazi walizitia baadhi ya kazi za mkusanyo huo katika maonesho yao ya kudhihaki sanaa ya kisasa. Mwaka 1940 Bühler aliuawa huko Grafeneck, katika mpango wao wa kuwaua wagonjwa wa akili na walemavu. Picha zake zilisifiwa. Yeye mwenyewe hakulindwa.

Huko Rio de Janeiro, Brazil, Dkt. Nise da Silveira alishika njia nyingine. Alikataa kuwatibu wagonjwa kwa mishtuko ya umeme na upasuaji wa ubongo kama ilivyofanyika zama zile, na mwaka 1946 akafungua chumba cha uchoraji hospitalini. Mwaka 1952 kazi zilizotoka humo zikapata makumbusho yake. Wachoraji kama Adelina Gomes na Fernando Diniz wanakumbukwa leo kwa majina yao halisi.

Hata hivyo, sanaa isitwishwe mzigo usio wake. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012, wenye washiriki 417 waliougua skizofrenia, haukuona kwamba vikundi vya tiba ya sanaa, vikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida, vilipunguza dalili; na mahudhurio yalikuwa hafifu. Kwa hiyo dawa na ushauri nasaha viendelee. Anayependa kuchora, kufinyanga au kusuka ukili apewe nafasi, asiyependa asilazimishwe.

Kabla kazi haijaoneshwa, mgonjwa aulizwe mambo matatu, tena wakati akili yake imetulia: je, anataka ionekane? Ionekane kwa nani? Iandikwe kwa jina gani? Aelezwe kwamba akikataa, au akibadili nia kesho, huduma yake haitapungua. Ikiuzwa, fedha ni zake. Simu nazo zitazamwe kwa hadhari, kwa maana picha iliyorushwa katika kundi la WhatsApp hairudi tena mkononi.

Vilevile, mchoro usisomwe kama majibu ya maabara. Rangi nyeusi pekee haithibitishi huzuni. Maana yake aulizwe aliyeipaka. Mchoro ukidokeza nia ya kujidhuru, mhudumu azungumze na mgonjwa papo hapo na kumpatia msaada, kwa kuwa uhai hutangulia yote. Lakini hatua hiyo haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuutundika.

Mgonjwa naye ajue kwamba anaweza kuonesha kazi moja na kuficha kumi, au kuzihifadhi zote. Akichagua mwenyewe kuzitoa hadharani, jambo ambalo dawa peke yake hailifanyi huweza kutokea: jirani aliyezoea kumwita chizi huanza kumwita fundi.